Seti ya Vipuri vya Mashine ya Kukaushia Nguo: Inafaa, Ila Isifungwe Kabla ya Kukagua Bomba la Hewa

Nimeitumia seti hii ya vipuri kwa miezi saba sasa, na niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri. Kwa hiyo ninaamini kwamba ninayo ya kumwambia mtu ambaye mashine yake ya umeme ya kukaushia nguo inazunguka lakini haitoi joto. Seti ina vipande vitano: koili ya joto iliyokwisha kufungwa ndani ya kisanduku chake cha bati, fyuzi ya kisanduku hicho, themostati ya kikomo (swichi inayokata umeme joto likizidi) inayokaa kwenye kisanduku hichohicho, fyuzi nyingine ya kufungwa karibu na feni, na themostati ya kawaida inayoiwasha na kuizima koili wakati wa kazi. Niliinunua mtandaoni kwa dola 34. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza wala iliyotengeneza mashine yangu, kwa kuwa seti za namna hii hutolewa na watengenezaji wengi, nazo hufanana kiasi kwamba nitakayoyaeleza yanaihusu karibu kila moja.

Tunaishi Minnesota, Marekani, na nyumba yetu ina watoto watatu na watu wazima wawili wanaovaa sare za kazi kila siku. Kwetu Tanga nguo huanikwa asubuhi na kuanuliwa kabla ya alasiri, wala hakuna anayeuhesabu ukaushaji kuwa ni kazi. Kinachochosha ni kufua. Huku, mwezi wa Januari, shuka ikitundikwa nje hukakamaa kama ubao, na ikitundikwa ndani, katika chumba cha chini kisicho na dirisha la maana, hukaa na unyevu siku mbili hadi kuta zikaanza kunuka ukungu. Mashine ilipoacha kutoa joto katikati ya majira hayo, sare zilikauka juu ya viti na milango, na kwa wiki nzima mwanangu mdogo alikwenda shule na soksi zilizokaushwa kwa pasi. Ninayaeleza haya ili msomaji aelewe kwamba mashine hii kwetu si anasa, na kwamba haraka niliyokuwa nayo ndiyo iliyonifanya nikosee mara ya kwanza.

Kabla ya kununua chochote nilimwita fundi wa kampuni moja ya matengenezo. Alikaa kama dakika kumi, hakuufungua mfuniko wa nyuma, akasema kwamba bodi ya kuongozea mashine imekufa na kuibadilisha kungegharimu dola 410, mbali na dola 95 za kuja kutazama ambazo nilimlipa palepale. Jioni nilimpigia simu shemeji yangu aliyeko Dallas, ambaye kazi yake ni viyoyozi.

“Shemeji, ngoma inayobeba nguo inazunguka?” aliniuliza.

“Inazunguka vizuri, ila nguo zinatoka na ubaridi wake.”

“Basi mota ni nzima. Chomoa plagi ukutani kwanza, ndipo tuongee. Na usinunue kitu hujapima.”

Maneno hayo ya mwisho yana thamani kuliko karatasi yote ya maelekezo iliyokuja na seti, na ni vyema nieleze sababu. Umeme wa nyumba za Marekani huingia kwa nyaya mbili za moto, kila mmoja ukiwa na volti 120 ukipimwa na waya wa nyutro, na volti 240 zikipimwa baina ya zenyewe kwa zenyewe. Katika mashine ya kukaushia, koili hula volti 240 zote, lakini mota inayozungusha ngoma na feni hutumia upande mmoja tu wa volti 120. Ndiyo maana mashine inaweza kuzunguka, taa yake ikawaka na saa yake ikatembea, huku koili haipati kitu. Kwenye sanduku la umeme la nyumba, swichi ya mashine hii huwa pacha ya ampea 30, na upande mmoja wa pacha hiyo unaweza kukata bila ya kishikio kuonekana kwamba kimeshuka. Kipimo cha kwanza, basi, ni cha bure: izime swichi hiyo kabisa mpaka mwisho, kisha iwashe tena. Mwenye bahati humaliza ukarabati wake hapo. Mimi sikuwa na bahati hiyo, lakini ninamjua jirani aliyeagiza koili mpya na kuisubiri siku tano kumbe tatizo lake lilikuwa swichi hiyo ya pacha.

Baada ya swichi inafuata mita. Nilinunua ya dola 22, yenye sehemu ya kupima omu, yaani upinzani wa waya, na mlio wa kuonyesha kwamba umeme unapita, na sioni namna mtu anavyoweza kuifanya kazi hii kwa uaminifu bila ya kifaa hicho. Mashine ikiwa imechomolewa, niliisogeza kutoka ukutani, nikafungua skrubu za mfuniko wa nyuma, na kisanduku cha koili kikawa mbele yangu, upande wa kulia, kirefu na chembamba, bati lake likiwa limegeuka rangi ya samawati mahali lilipopata moto mwingi. Nilichomoa waya mmoja kwenye koili kabla ya kupima, kwa kuwa ukiziacha zote mbili mahali pake mita inaweza kuusoma mzunguko wa sehemu nyingine ukadhani unaisoma koili.

Hesabu ya koili ni nyepesi, na inampa mtu utulivu kuijua. Koili ya wati 5,400 inayotumia volti 240 hupitisha ampea 22.5, na upinzani wake unapaswa kuwa karibu na omu 10.7. Yangu ilisoma 10.4, maana yake ilikuwa nzima. Nilipima pia baina ya ncha zake na bati la kisanduku, na mita ikanyamaza, kama inavyotakiwa; ingelia, ingekuwa dalili kwamba waya wa koili umelegea na kugusa bati, jambo la hatari kwa sababu joto linaweza kuendelea hata baada ya themostati kukata. Kisha nikaigusisha mita kwenye fyuzi ya kisanduku, kidude kidogo cha duara kisichozidi ukubwa wa sarafu, chenye vidole viwili vya kuchomekea waya. Mita haikulia. Niligeuza ncha, nikakwangua vidole kwa bisibisi ili kuondoa kutu, nikarudia, na bado ilikuwa kimya. Nilikuwa nimempata mgonjwa, na hakuwa bodi ya kuongozea.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Katika mashine ya aina yangu kuna fyuzi mbili za joto, na kila moja ikikatika huleta dalili tofauti. Ile ya kwenye feni hukatika hewa inayotoka ikifika nyuzi 91 za Selsiasi, na ikikatika mota haianzi kabisa: unabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea. Ile ya kwenye kisanduku cha koili hustahimili hadi nyuzi 178, na ikikatika ngoma huzunguka kama kawaida lakini bila joto. Jirani yake kwenye kisanduku ni themostati ya kikomo, ambayo hukata kwenye nyuzi 121 na kujirudisha yenyewe joto likishuka, tofauti na fyuzi ambayo ikikatika imekatika. Themostati ya kawaida hufanya kazi chini zaidi, karibu na nyuzi 68. Ukiziangalia namba hizo kwa pamoja unaona jinsi ulinzi ulivyopangwa kwa ngazi, na unaelewa pia kwamba fyuzi ya nyuzi 178 haikatiki hivihivi. Ili ikatike, ni lazima ngazi za chini yake ziwe zimeshindwa, au hewa iwe haipiti vya kutosha kuuondoa moto kwenye kisanduku.

Hilo la hewa sikulizingatia. Nilikuwa na vipuri mkononi, nguo zilikuwa zimerundikana, na karatasi ya maelekezo ilisema tu: toa cha zamani, weka kipya, rudisha mfuniko.

Kuhusu ubora wa vipuri vyenyewe sina malalamiko makubwa. Matundu ya skrubu yaliingiana sawasawa na ya kisanduku cha zamani. Vishikilio vyeupe vya kauri vinavyoibeba koili vilikuwa vizima vyote, ingawa bati la kisanduku kipya ni jembamba kidogo kuliko la awali, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Koili mpya ilisoma omu 10.6. Kasoro moja niliyoipata ni kwamba vidole viwili vya themostati ya kikomo vilikuwa vyembamba, na kichwa cha waya kikaingia kwa kulegea. Nilikibana kwa koleo ndogo mpaka kikashika kwa nguvu. Hili si dogo, kwa sababu kiungio kilicholegea kinachopitisha ampea 22 hupata moto, na moto huo huunguza plastiki ya waya na hatimaye kichwa chenyewe. Anayefunga seti hii autingishe kila waya baada ya kuuchomeka, na ule unaotoka kwa urahisi aubane. Jambo la kupongezwa ni kwamba fyuzi ya kisanduku na themostati ya kikomo huja pamoja, na inafaa zibadilishwe pamoja, kwa kuwa themostati iliyochoka ikiachwa huweza kuiua fyuzi mpya.

Nilibadilisha vitu vyote vitatu vya kisandukuni, koili ikiwamo ingawa haikuwa na kosa, na mashine ikatoa joto siku hiyohiyo. Baada ya wiki tatu ikarudi kuwa baridi. Nilipoifungua, fyuzi mpya ilikuwa imekatika kama ile ya kwanza.

Safari hii shemeji aliniambia niiache mashine, nitoke nje, nikatazame mahali hewa inapotokea. Kifuniko cha bomba kwenye ukuta wa nje, ambacho hupaswa kuinuka hewa inapopulizwa, kilikuwa kimeshikwa na manyoya ya nguo yaliyochanganyika na barafu. Niliyavuta kwa vidole, yakatoka kipande kizima, mazito kama blanketi, rangi ya kijivu, na ndani yake nikaona nyuzi nyekundu za taulo tulilokuwa tumelitupa zamani. Nilirudi ndani kulitazama bomba lenyewe. Lilikuwa bomba laini la karatasi ya alumini, na nilipoisukuma mashine ukutani baada ya ukarabati wa kwanza nilikuwa nimelibana mpaka upana wake ukabaki wa vidole viwili. Nilipolichomoa na kulikung'uta juu ya gazeti, manyoya yaliyomwagika yalijaza ndoo ya lita kumi karibu nusu.

Kwa wasiojua, bomba la mashine hizi huwa na kipenyo cha inchi 4, na kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani huliwekea urefu wa mwisho wa futi 35, yaani kama mita 10.7, huku kila kona kali ya nyuzi 90 ikipunguza futi 5 katika kiasi hicho. Viungo vyake havifungwi kwa skrubu zinazopenya ndani, kwa sababu ncha ya skrubu hushika manyoya na kuyakusanya, na bomba la plastiki halifai kabisa. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine za kukaushia nguo zilisababisha mioto ipatayo 2,900 majumbani kila mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutozisafisha. Sikuwa nimeifikiria fyuzi iliyokatika kwa jicho hilo. Nilikuwa nimeihesabu kuwa kipuri kibovu, ilhali ilikuwa imeizuia nyumba yetu isiungue, mara mbili.

Kwa sababu hiyo ninaomba sana mtu asifuate ushauri, unaopatikana kwa wingi katika video, wa kuunganisha nyaya mbili za fyuzi moja kwa moja ili kujaribu kama mashine itatoa joto. Wengi huanza kwa kujaribu na kuishia kuiacha hivyo, kwa kuwa nguo zinakauka. Mita inatoa jibu hilohilo bila ya kuondoa ulinzi hata kwa dakika moja.

Ukarabati wa pili ulinigharimu dola 14 za fyuzi na themostati ya kikomo, ambazo huuzwa pia zikiwa mbili peke yake, na dola 19 za bomba gumu la bati. Nililifunga kwa utepe wa karatasi ya chuma, si ule wa kitambaa ambao gundi yake hukauka kwa joto, nikaacha nafasi ya shibiri moja nyuma ya mashine. Nililisugua pia chujio la mashine linalonasa manyoya, kwa brashi na maji ya sabuni, kwa kuwa nilipoyamimina maji juu yake yalisimama badala ya kupita. Karatasi za kulainishia nguo huacha utando usioonekana kwa macho, na mtu anaweza kuyatoa manyoya kila siku huku chujio limeziba. Tangu hapo taulo za familia nzima hukauka kwa dakika 50, wakati ambapo kabla ya mashine kufa zilikuwa zikichukua saa moja na nusu, nasi tukidhani ni uzee wake. Ucheleweshaji ule ulikuwa onyo la miezi mingi, na ningelijua kulisoma, nisingehitaji kununua kipuri chochote.

Jumla ya vipuri na vifaa vyote, mita ikiwamo, ni dola 89, mbali na zile 95 za fundi. Ninayalinganisha na dola 410 nilizotajiwa kwa bodi ambayo mpaka leo haijaguswa na inafanya kazi.

Anayefikiria kuinunua seti hii atazame kwanza kibandiko cha namba ya mashine, ambacho aghalabu huwa ndani ya fremu ya mlango, ailinganishe na orodha ya muuzaji namba kwa namba, kwani mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na visanduku tofauti. Mwenye mashine ya gesi asiinunue. Ile haina koili, na kazi ya gesi aachiwe fundi mwenye leseni. Mwenye kuishi katika nyumba ya kupanga amwarifu mwenye nyumba kabla ya kufungua skrubu hata moja. Na kwa wenzangu wanaopakia mashine kama hizi kwenye makontena kuzipeleka nyumbani, nitaongeza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: koili inaweza kuyamudu mazingira ya volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, lakini mota na saa zimeundwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali umeme wetu ni wa mizunguko 50. Ukiichomeka moja kwa moja mota itaungua, na katika seti hii hakuna kipuri kitakachoiokoa. Kwa gharama ya kuisafirisha ni afadhali kununua huko mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa huko.

Ninaipa seti nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya karatasi ya maelekezo, ambayo ina picha kumi na mbili za skrubu na haina sentensi hata moja kuhusu bomba la hewa, wala haimwambii mnunuzi apime kabla ya kubadilisha. Ningependelea pia iuzwe kwa mafungu, kwa kuwa katika vipande vitano nilihitaji viwili tu. Niliwaandikia wauzaji kuhusu karatasi hiyo, na wakanijibu kwamba wataipeleka hoja yangu kwa watengenezaji. Fyuzi ya feni na themostati ya kawaida bado zimo ndani ya pakiti yake, kwenye rafu iliyo juu ya mashine, na koili ya zamani, nzima kama ilivyokuwa, imelala kando yake ikisubiri siku itakapohitajika. Kwenye ukuta nimebandika karatasi ya tarehe za kusafisha bomba; mpaka sasa ina tarehe tatu, na ya tatu ilitoa manyoya yasiyojaza hata kikombe.